Leja ya Mfalme: Wayahudi wa Uingereza Kabla ya 1290

Peni mbili kwa kila pauni, kila wiki. Hicho ndicho kiwango cha juu cha riba ambacho wafalme wa Uingereza walimruhusu Myahudi kutoza katika karne ya 13. Pauni ya zama zile ilikuwa na peni 240, na mwaka una wiki 52. Piga hesabu, utapata asilimia 43 na ushei kwa mwaka. Nimeishi kwa kushika vitabu vya hesabu, kwanza kwa wenye maduka wa Mombasa, kisha katika viwanda vya soksi na fulana hapa Leicester, na najua mtu anayelipa riba ya namna hiyo anakuwa na moyo gani kwa anayemdai. Tena mimi ni Mwislamu. Riba kwetu ni haramu, kama ilivyokuwa haramu kwa Wakristo wa wakati huo, na sikukaa kuandika haya ili niitetee. Lakini mhasibu hafungi kitabu kwa kusoma mstari wa kwanza. Huuliza fedha zilitoka wapi, zikapita mikononi mwa nani, na mwishowe zikaingia mfuko wa nani. Tangu nistaafu nimeisoma habari ya Wayahudi wa Uingereza kwa swali hilo, na kila njia niliyoifuata imenifikisha mlangoni kwa mfalme.

Waliletwa na William Mshindi baada ya 1066, wengi wao kutoka Rouen, ng'ambo ya bahari. Kiapo cha kupewa ardhi kilikuwa cha Kikristo, na vyama vya mafundi havikuwafungulia mlango, kwa hiyo wengi waliishia kwenye kazi ambayo Kanisa lilimkataza Mkristo lakini kila mtu aliihitaji, yaani kukopesha. Kabaila alitaka fedha za vita, askofu alitaka fedha za kujenga. Kisheria Wayahudi wenyewe, pamoja na vyote walivyokuwa navyo, walihesabiwa kuwa mali ya mfalme. Ndiye aliyewalinda, na ulinzi wake ulikuwa na bei. Alipotaka fedha aliwatoza kodi ya pekee bila kuomba ruhusa ya mtu, na Myahudi aliyetozwa alilazimika kwenda kuwabana wadaiwa wake. Mkulima au kabaila aliyebanwa aliuona uso wa Myahudi tu. Mfalme aliyekuwa nyuma yake hakumwona.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Aaron wa Lincoln. Alipofariki mwaka 1186, Henry wa Pili alichukua kila kitu chake. Hati za madeni peke yake zilikuwa za pauni 15,000 hivi, zikidaiwa kwa watu wapatao 430, na Hazina ilibidi ifungue idara maalumu ya kuzikusanya, ikafanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Dhahabu na fedha za Aaron zilipakiwa merikebuni kupelekwa Ufaransa kwa ajili ya vita, zikazama njiani. Madeni hayakuzama. Wale waliokuwa wakidaiwa na Myahudi waliamka asubuhi wanadaiwa na mfalme, na sijasoma popote kwamba walikwenda kuichoma moto nyumba ya mfalme.

Huku upande wa hesabu ukiendelea hivyo, upande wa uvumi ulikuwa umeanza Norwich. Mwaka 1144 kijana mmoja aitwaye William alikutwa amekufa msituni nje ya mji, na miaka michache baadaye mtawa Thomas wa Monmouth aliandika kitabu kizima kudai kwamba Wayahudi ndio waliomuua kwa ibada yao. Hapakuwa na ushahidi. Lakini kitabu kilimfanya kijana kuwa mtakatifu, kaburi likawa mahali pa hija, na hija ililetea kanisa sadaka. Uongo huo ulivuka bahari, ukaua watu Ulaya nzima kwa karne nyingi.

Tarehe 3 Septemba 1189 Richard wa Kwanza alitawazwa Westminster. Matajiri wawili wa Kiyahudi kutoka York, Benedict na Josce, walikuwa miongoni mwa waliokwenda na zawadi. Wayahudi walizuiwa mlangoni, wakaanza kupigwa, uvumi ukatoka kwamba mfalme ameamuru wauawe, na usiku ule nyumba zao za London zilichomwa moto. Benedict alijeruhiwa akabatizwa kwa nguvu. Kesho yake mfalme alipomuuliza yeye ni nani, alijibu kwamba ni Myahudi. Alifia Northampton akiwa njiani kurudi kwake. Josce alifika York salama. Mwaka haukwisha ila Richard alikuwa keshaondoka Uingereza kwenda kwenye Vita vya Msalaba, na nchi ikabaki na vijana waliojiandaa kwenda vitani, wenye hasira na dini, wasio na nauli.

Fujo zilianzia Lynn, zikaingia Norwich tarehe 6 Februari 1190. Mwaka 2004 wajenzi wa jengo la maduka mjini Norwich walifukua kisima cha kale, wakakuta ndani yake mifupa ya watu wasiopungua 17, zaidi ya nusu yao watoto. Hawakuzikwa, walitupwa. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba kwa dalili zote walikuwa Wayahudi, na kwamba watatu kati yao walikuwa ndugu wa kike: mmoja wa umri wa miaka kati ya 5 na 10, mwingine kati ya 10 na 15, wa tatu msichana aliyekwisha kukua. Kulikuwa pia na mtoto mdogo wa kiume, hajatimiza miaka mitatu, ambaye vinasaba vyake vinaonyesha alikuwa na nywele nyekundu na macho ya buluu. Watafiti wanaona inaelekea mno kwamba ni wahanga wa Februari ile. Mtoto yule hakumkopesha mtu kitu. Wote walizikwa upya mwaka 2013 katika sehemu ya Kiyahudi ya makaburi ya Earlham, hapo hapo Norwich.

York ilifika zamu yake Machi. Wezi walivunja nyumba ya marehemu Benedict, wakamuua mjane wake na watu wa nyumbani mwake, wakabeba mali. Josce na Wayahudi wenzake wakakimbilia ngome ya mfalme, ambayo ndiyo kimbilio walilokuwa nalo kisheria. Msimamizi wa ngome alitoka kwa shughuli zake. Waliokuwa ndani wakaogopa kwamba amekwenda kuwauza, akarudi akakuta mlango umefungwa. Alikwenda kumshitakia liwali wa mfalme, liwali akaita askari waitwae mnara, na askari wakafuatwa na umati. Miongoni mwa waliouongoza umati alikuwa Richard Malebisse, kabaila aliyekuwa amezama kwenye madeni. Watu wapatao 150 walikuwa ndani ya mnara wa mbao, na chakula kilikuwa kidogo.

Jioni ya Ijumaa, 16 Machi 1190, Sabato iliyotangulia Pasaka yao ilipokuwa inaingia, ilidhihirika kwamba mnara utaanguka. Kati yao alikuwamo Rabi Yom Tov kutoka Joigny, Ufaransa, mwanachuoni na mshairi, ambaye wimbo wake wa toba bado unaimbwa masinagogini usiku wa Yom Kippur. Aliwaambia kwamba ni afadhali wafe kwa mikono yao wenyewe kuliko kukamatwa na ama kuteswa ama kulazimishwa kuiacha dini. Wasiokubali walijitenga. Wengine walichoma moto mali zao, kisha kila mwanamume akawaua mkewe na watoto wake. Josce alimuua mkewe Anna. Rabi akamuua Josce, kisha akajiua. Asubuhi waliosalia walijitokeza ukutani, wakaomba wabatizwe wapewe amani. Waliahidiwa. Walipotoka waliuawa.

Hapa ndipo mtu wa hesabu anapoketi wima kitini. Waliokwisha kuua hawakutawanyika. Walikwenda moja kwa moja Kanisa Kuu la York, ambako hati za madeni zilikuwa zimehifadhiwa, wakawalazimisha walinzi wazitoe, wakazichoma pale pale ndani ya kanisa. Mtawa William wa Newburgh, Mkristo aliyeandika habari hizi miaka michache tu baadaye, si mbali na York, hakuficha kwamba waliokuwa na madeni makubwa ndio waliowachochea wengine. Unapofanya kazi ya vitabu kwa muda mrefu unajifunza kwamba ofisi ikiungua, jambo la kwanza ni kutazama ni kabati lipi limeteketea.

Mfalme alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. Waziri wake mkuu William Longchamp alifika York na jeshi, akawatoza faini matajiri wa mji, akachukua ardhi za baadhi ya viongozi wa fujo. Hakunyongwa hata mtu mmoja. Mwaka 1194 ikaja amri mpya: kila mkopo uandikwe mara mbili kwenye ngozi moja, ngozi ikatwe vipande viwili, kipande kimoja akae nacho Myahudi na cha pili kiwekwe ndani ya sanduku la umma katika miji iliyoteuliwa. Sanduku liwe na kufuli tatu. Ufunguo mmoja kwa Wayahudi, mmoja kwa Wakristo, wa tatu kwa karani wa serikali. Kama utaratibu wa ofisi, ninausifu, hata leo ungepita ukaguzi. Lakini tazama ulilinda nini. Watu 150 waliteketea York, na sheria iliyozaliwa kutokana na moto ule ilihakikisha kwamba deni halitaungua tena. Kuanzia hapo mfalme alijua hadi peni ya mwisho kila Myahudi anamdai nani, na kwa hiyo alijua amkamue kiasi gani.

Akakamua kweli. Mwaka 1210 Mfalme John aliwatoza marki 66,000 kwa mkupuo. Marki moja ni thuluthi mbili za pauni. Mwandishi wa tarehe Roger wa Wendover anasimulia habari ya Myahudi wa Bristol aliyekuwa akidaiwa marki 10,000, aking'olewa jino moja kila siku hadi alipolipa. Mwanawe John, Henry wa Tatu, alikuwa mcha Mungu na mjenzi, naye aliwamaliza zaidi ya baba yake. Mwaka 1244 David wa Oxford alipofariki, mjane wake Licoricia, mama wa biashara kutoka Winchester, alifungwa katika Mnara wa London wakati makarani wakihesabu urithi. Mfalme alichukua marki 5,000, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye ujenzi wa Westminster Abbey. Ukienda London ukasimama mbele ya jengo lile zuri, jua kwamba limo jasho la mjane aliyekuwa kifungoni. Licoricia alitoka, akaendelea na kazi yake zaidi ya miaka 30, akauawa nyumbani kwake mwaka 1277 pamoja na mtumishi wake Alice, aliyekuwa Mkristo. Hakuna aliyehukumiwa.

Hata kuingia dini ya mfalme hakukumwokoa mtu mfukoni. Henry alifungua nyumba ya waongofu London mwaka 1232, mahali pa kuwalisha Wayahudi waliobatizwa, na walihitaji kulishwa kweli, kwa sababu Myahudi aliyekuwa Mkristo alinyang'anywa mali yake yote ikawa ya mfalme.

Mji wangu haukungoja 1290. Mwaka 1231 Simon de Montfort, bwana wa Leicester, kijana mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza anaupata mji, aliwafukuza Wayahudi wote kwa hati iliyosema wasirudi katika zama zake wala za warithi wake hadi mwisho wa dunia. Baadaye akawa shujaa wa wapigania Bunge, na chuo kikuu cha hapa kina jina lake. Wafuasi wake walipopigana na mfalme miaka ya 1260 waliua Wayahudi mji baada ya mji, na kila walipoingia walilitafuta lile sanduku la kufuli tatu. Halmashauri ya jiji ilimlaani rasmi kwa chuki yake mwaka 2001. Halmashauri hiyo hiyo mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90, ilikuwa imelipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije Leicester. Walikuja, na ndiyo sababu ukipita Belgrave Road leo unaweza kusalimiwa kwa Kiswahili. Jirani yangu mmoja ni mama wa Kihindi aliyezaliwa Jinja. Nilipomsimulia habari za Simon alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja: "Na nyumba zao, dada, alipewa nani?"

Swali hilo nitalijibu. Kwanza Lincoln, 1255, maana bila Lincoln hesabu haitulii. Mtoto aitwaye Hugh alikutwa kisimani. Myahudi mmoja, Copin, aliahidiwa uhai wake akikiri, akakiri aliyotakiwa kukiri, kisha Henry mwenyewe akafika na kuamuru auawe. Wengine 91 walipelekwa London, na 18 kati yao walinyongwa. Ilikuwa mara ya kwanza serikali ya Uingereza kuua watu kwa uongo ule wa Norwich. Mwaka huo huo Henry alikuwa amewaweka rehani Wayahudi wake wote kwa mdogo wake, Richard wa Cornwall, kwa marki 5,000. Watu wazima, wake zao na watoto wao, waliwekwa rehani kama shamba. Mwaka 1955 Kanisa la Uingereza liliweka kibao kando ya kaburi la Hugh ndani ya Kanisa Kuu la Lincoln kusema wazi kwamba hadithi ile ilikuwa ya uongo.

Edward wa Kwanza alirithi muwa uliokwisha kupita kinuni mara nyingi. Mwaka 1275 alipiga marufuku riba kabisa, akaamuru kila Myahudi aliyezidi miaka saba avae kifuani kipande cha kitambaa cha manjano, inchi sita kwa tatu, na kila aliyezidi miaka 12 alipe peni tatu kila Pasaka. Aliwaambia wafanye biashara na kazi za mikono. Baadhi waligeukia mikataba ya nafaka na sufu, lakini milango ya vyama vya mafundi ilibaki ilivyokuwa. Malkia wake, Eleanor wa Castile, yeye alikuwa akichukua hati za madeni ya Wayahudi na kuzitumia kujipatia mashamba ya wadaiwa, na hilo pia watu walilihesabu kwenye dhambi za Wayahudi. Mnamo Novemba 1278 wapatao 680 walikamatwa kwa tuhuma za kukatakata sarafu, na katika miezi iliyofuata zaidi ya 200 waliuawa. Wakristo walishitakiwa pia kwa kosa hilo, lakini walionyongwa miongoni mwao walikuwa wachache mno ukilinganisha.

Mwaka 1289 Edward alirudi kutoka Gascony, ambako alikuwa keshawafukuza Wayahudi wa huko, akiwa na madeni makubwa. Alihitaji kodi, na kodi ilihitaji ridhaa ya Bunge. Wawakilishi wa majimbo waliitwa wawe Westminster katikati ya Julai 1290. Tarehe 18 Julai amri zikaenda kwa maliwali: Wayahudi wote wawe wameondoka kabla ya tarehe 1 Novemba. Siku hiyo kwao ilikuwa tisa ya mwezi wa Av, siku ya kufunga na kuomboleza Hekalu la Yerusalemu. Bunge nalo lilikubali kodi ya sehemu moja ya 15 ya mali, ikakusanya pauni 116,000 hivi, mojawapo ya makusanyo makubwa kabisa ya zama hizo. Wayahudi wa nchi nzima, baada ya yote yaliyowapata, hawakuwa tena na uwezo wa kumpa hata sehemu ndogo ya hizo. Katika leja ya Edward walikuwa wamegeuka kutoka chanzo cha mapato kuwa kitu cha kubadilishana. Aliwauza, na huo ndio usemi sahihi wa kihasibu.

Walikuwa watu 2,000 hadi 3,000. Waliruhusiwa kubeba walichoweza kubeba, na mfalme aliwaagiza walinzi wa bandari wasiwadhuru. Nahodha mmoja aliyewapakia Wayahudi wa London aliwashusha kwenye fungu la mchanga karibu na Queenborough maji yalipokupwa, kisha bahari ilipoanza kujaa akapanda merikebuni, akawaambia wamwite Musa awavushe. Walizama wote. Nahodha alinyongwa. Wengi wa waliofika salama waliingia Ufaransa, na miaka 16 baadaye, 1306, Philip wa Nne akawafukuza Wayahudi wa Ufaransa na kuchukua mali zao.

Sasa jibu la mama wa Jinja. Nyumba zilikuwa za mfalme. Karani aitwaye Hugh wa Kendal alipewa kazi ya kuziuza, nyingine zikatolewa zawadi kwa watu wa mfalme. Hati zilizobaki masandukuni zikawa za mfalme pia. Kila kitu kimeandikwa, mji kwa mji, mtaa kwa mtaa, na majina ya waliokuwa na nyumba hizo: Hereford, Lincoln, Canterbury, Norwich. Nimeziona orodha hizo zilivyochapwa vitabuni. Nilipomsomea jirani yangu baadhi ya majina, alitikisa kichwa akasema ya kwao hayakuandikwa hata hivyo.

Kwa miaka 366 Myahudi hakuruhusiwa kuishi Uingereza waziwazi kama Myahudi, hadi 1656 wakati wa Oliver Cromwell. Nina neno moja kwa walimu wa fasihi nyumbani, kwa kuwa sisi wengi wetu tulimjua Myahudi kwa mara ya kwanza katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969, tukamzomea Shailoki na kisu chake tukiwa na umri wa kuamini kila kilicho kitabuni. Shakespeare aliandika mchezo ule miaka ya 1590, kwa watazamaji ambao nchi yao ilikuwa imewafukuza Wayahudi miaka 300 kabla yao. Mnapoufundisha, tafadhali waambieni wanafunzi hilo kwanza, kisha waambieni kuhusu sanduku la kufuli tatu, na muwaulize ni nani aliyekuwa akila ile asilimia 43.